Goma: nimeacha udongo, matawi yangu ya jikoni sasa yanashika kwenye changarawe ya volkano

MamaWaMajengo (mwenye uzi)

Jambo sana banduku. Uzi huu ni mrefu, vuteni kiti.

Kazi yangu ni kupika. Nina malewa (mgahawa) ndogo hapa Goma, upande wa Majengo, na kila asubuhi kabla makala hayajashika moto lazima niwe na seleri, puaro na majani mengine ya kutia harufu kwenye supu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. (Puaro ni ile ile liki ya Watanzania.) Barabara ya Masisi au ya Rutshuru ikifungwa, fungu la seleri lililokuwa linajaza kiganja linakuwa la vidole vitatu, na bei haishuki. Ndiyo maana nilianza kuotesha nyumbani. Shamba sina. Nina ua wa hatua nane kwa tano na karibu wote ni jiwe.

Ninachotaka kusema ni kimoja, na kimenichukua miaka miwili kukiona ingawa nakikanyaga kila siku. Tawi lisilo na mizizi halitaki udongo mzuri. Linataka ile changarawe nyeusi ya volkano, iliyooshwa vumbi. Udongo unafuata, mizizi ikishatoka.

Tarehe 17 Januari 2002 lava iliposhuka kutoka Nyiragongo na kupita katikati ya mji, nilikuwa na miaka tisa. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Mama alikuwa na bustani nyuma ya nyumba: mchaichai, mrihani, uzio wa mibirizi. Tuliporudi hapakuwa na nyumba wala uzio, makoro tu, yale mawe ya lava, meusi, bado yanatoa joto chini ya kandambili. Tangu siku ile makoro kwangu ni kitu cha kujengea ukuta, si cha kupandia. Nilipotaka bustani nikanunua udongo, gunia kwa gunia, unaletwa kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo.

Sasa dada mmoja wa Himbi akanipa matawi saba ya romarini (rosemary). Sita nikayapanda kwenye makopo ya nyanya yaliyojaa udongo ule mweusi, mlaini, mzuri hata kuunusa. La saba halikupata udongo. Nikalichomeka kwenye kopo la changarawe aliyoiacha fundi wa ukuta, nikaliweka kivulini. Nilimwagilia yote sawa, kila asubuhi. Siku ya kumi na mbili majani ya chini ya yale sita yakawa rangi ya majivu. Nikavuta moja. Ganda la shina likabaki kwenye udongo, mkononi nikabaki na kijiti chembamba chenye utelezi, kinanuka kama sombe (kisamvu) iliyolala. Mengine matano yalikuwa vile vile. Lile la saba nikalisahau. Wiki ya sita nilihitaji kopo, nikalivuta tawi ili nilitupe, likakataa. Kopo zima likainuka nalo. Nilipomwaga changarawe nikaona mizizi imepenya ndani ya vitundu vya kokoto. Kokoto nne zilikuwa zinaning'inia kwenye mizizi, nilizitikisa na hazikudondoka.

Nimeuliza, nimesoma, nimejaribu tena na tena, na sasa naelewa hivi. Tawi likikatwa halina mdomo wa kunywea, na bado majani yake yanatoa maji hewani mchana kutwa. Pale lilipokatwa panataka unyevu, na panataka hewa pia, kwa sababu mzizi unaozaliwa unapumua. Udongo laini ukilowa kwenye kopo unaziba, hewa inaisha, kuvu wanaingia kwenye kidonda, shina linaoza. Kokoto ya volkano ina vitundu ndani yake vinavyoshika maji, na kati ya kokoto na kokoto panabaki nafasi ya hewa. Ile perlaiti nyeupe wanayouza ng'ambo kwa bei kubwa kwa kazi hii hii nayo ni kioo cha volkano, wanakichoma tu mpaka kinafura. Sisi tumelala juu ya binamu yake.

Ninavyofanya mimi:

Changarawe naichekecha. Inayobaki ikiwa kati ya punje ya mchele na punje ya mahindi ndiyo naitaka. Vumbi lote natupa, kwa sababu likibaki linashuka chini ya kopo na kuwa saruji. Naosha mpaka maji yatoke safi, kwangu ni mara tano au sita. Kopo lazima litobolewe chini, matundu manne ya msumari.

Tawi nalikata asubuhi mapema kabla jua halijalichosha, urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, sentimita 8 hadi 12. Nachagua ncha laini isiyo na ua. Nakata kwa wembe mpya chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapotokea, kwa maana mizizi mingi hutokea hapo. Majani ya chini nayaondoa yote, nabakiza ya juu manne au sita. Yakiwa makubwa kama ya mrihani nayakata nusu ili yasitoe maji mengi. Shimo natoboa kwanza kwa kijiti cha mshikaki, nisilisukume tawi lenyewe likachubuka. Halafu nafunika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko nimekitoa ili joto lipumue. Mahali ni penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Ukuta wangu wa mashariki unanitosha.

Romarini kaa nayo wiki sita, hata nane. Usiivute kila siku kuangalia. Ukiona ncha imeanza kutoa majani mapya ya kijani mbichi, livute kwa upole kabisa, likikataa, limeshika.

Hakuna lolote hapa ambalo mama zetu hawakulijua. Muhogo tunapanda kwa mti wake, viazi vitamu kwa kamba zake, mibirizi kwa kuchomeka fimbo ardhini. Ni kazi ile ile, kwa kipimo cha kopo.

Karibuni, hasa waliojaribu wakashindwa.

KijanaWaKatindo

Yaya heshima yako, lakini kwa mrihani na mnanaa mbona unajitesa na changarawe? Mimi naweka glasi ya maji dirishani, wiki moja kazi imeisha. Ndivyo nilivyojaza balkoni yote.

MamaWaMajengo

Kadogo, uko sahihi kwa hayo mawili, nilipaswa kuyatenga. Mnanaa hata ukiuangusha tu majini unatoa mizizi. Mrihani nimeufuatilia kwa siku: siku ya tano kwenye kifundo kilicho ndani ya maji panatokea vinundu vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi. Siku ya nane au tisa ni nyuzi. Hapa Goma usiku kuna baridi kwa sababu tuko karibu mita 1,500 juu, kwa hiyo wakati wa baridi kazi hiyo inaweza kufika siku kumi na nne.

Ila sikiliza jambo la kuhamisha. Mizizi iliyozaliwa majini ni myembamba na inavunjika. Watu wanaiacha mpaka inajaa glasi kama ndevu, inapendeza kuitazama, halafu wanaisukumia kwenye udongo, siku mbili mrihani umelala. Hamisha ikiwa na sentimita 3 hadi 5, na wiki ya kwanza udongo usikauke. Mnanaa upe kopo lake peke yake. Unatambaa chini kwa chini na kuwafukuza wenzake.

Na mrihani ukianza kutoa ua, kata ncha hiyo. Ukishachanua unamalizia nguvu kwenye mbegu, na tawi lenye ua linasumbua sana kushika.

NyaweraDada

Aksanti sana mama. Niko Bukavu. Sisi udongo wetu ni ule mwekundu wa mlimani, mvua ikinyesha ni utelezi, jua likiwaka ni tofali. Nimeozesha romarini mara tatu na kila mara nilidhani ni mkono wangu mbaya. Changarawe yenu nitaipata wapi? Boti haiwezi kuniletea mawe jamani.

MamaWaMajengo

Dada, umelitaja jibu mwenyewe: tofali. Tafuta vipande vya tofali la kuchoma vilivyovunjika kwenye ujenzi wowote, vitwange, chekecha vile vile, osha vile vile. Tofali lililochomwa vizuri lina vitundu vinavyoshika maji na halirudi kuwa tope. Lile lisiloiva linayeyuka, kwa hiyo liloweke usiku mmoja kwanza ulijaribu. Mchanga wa mto ulio mkubwa, ulioshwa, unaweza kuchanganya nusu kwa nusu. Mkono wako hauna ubaya wowote.

NyaweraDada

Naenda kuomba vipande kwa fundi wa jirani leo leo.

FundiMaji

Kuna kitu hakijaguswa nacho ni maji yenyewe. Wengi wetu Goma tunatumia maji ya ziwa, iwe kwa bidoni au kwa bomba, kwa sababu hata ya bomba sehemu kubwa inapandishwa kutoka ziwani. Maji ya juu ya Kivu yana pH karibu 9, yaani yako upande ulio kinyume cha tindikali, na chumvichumvi nyingi zilizoyeyuka, magnesi hasa. Kunywa baada ya kutibiwa ni jambo lingine, lakini kwa mmea mdogo kwenye kopo dogo yanajikusanya. Dalili yake: majani machanga yanakuwa ya njano na mishipa inabaki kijani. Chuma kipo, mmea unashindwa kukichukua kwa sababu ya pH hiyo.

Angalieni glasi zenu. Ule mduara mweupe unaobaki pale maji yalipoishia ndio ninaousema.

Ya mvua ni bora kwa kazi hii. Kama huna, ya bomba yalaze usiku mmoja kwenye ndoo wazi klorini ipungue, na mara moja kwa wiki mwagilia mpaka yatoke chini kwa wingi ili chumvi ziondoke nayo.

MamaWaMajengo

Papa FundiMaji, aksanti. Mduara huo nimekuwa nausugua kwa limau miaka yote bila kujiuliza umetoka wapi. Nimeenda sasa hivi kutazama mrihani wangu wa dirishani: majani mawili ya juu ni njano, mishipa kijani, kama ulivyosema. Naanza kukinga mvua.

RusayoShambani

Kukinga mvua sawa, lakini sisi wa upande huu wa volkano tuseme neno. Upepo mara nyingi unasukuma moshi wa Nyiragongo upande wetu wa magharibi. Gesi zile zikikutana na mvua zinakuwa tindikali. Nimeona majani ya maharage yakipata madoa ya kahawia kingoni baada ya manyunyu ya usiku mmoja, na mabati ya nyumba yanakula kutu mapema kuliko ya mjini. Na floridi imo ndani ya mvua hiyo.

Ushauri wangu: mvua ya kwanza baada ya siku kavu iacheni ioshe bati na kupita. Kingeni ile inayofuata, ikishanyesha vya kutosha. Na siku kilele kinapotoa moshi mwingi unaowalalia, ingizeni makopo ndani. Tawi lililofunikwa na chupa lina bahati, manyunyu hayaligusi.

FundiMaji

Kweli kabisa. Nilipaswa kusema hilo.

MamaKyeshero

Wapendwa, mimi naangalia glasi hizi za maji dirishani na kufikiria watoto wangu wawili waliotoka kuugua malaria mwezi uliopita. Hamuoni mnafuga mbu?

Na la pili. Majani haya mengine tunakula mabichi. Kipindupindu kinapita mji huu mara kwa mara. Mtu anamwagilia persili kwa maji ya ziwa halafu anaikatakata juu ya sahani.

MamaWaMajengo

Mama, pole kwa watoto. Maswali yako yote mawili ni ya lazima.

Mbu: kiluwiluwi kinahitaji wiki au zaidi kuwa mbu. Maji ya matawi tunabadilisha kila siku mbili, na hilo ni kwa faida ya tawi lenyewe pia, kwa kuwa maji yaliyokaa yanaishiwa hewa na shina linapata utelezi. Ukibadilisha kweli kweli na kuisugua glasi, hakuna kitakachofika kuruka. Glasi iliyosahauliwa nyuma ya jiko ndiyo hatari. Kama unajijua una kazi nyingi na utasahau, funika mdomo wa glasi na kipande cha chandarua chakavu, tawi lipite katikati. Au tumia changarawe, haina maji ya wazi.

Kipindupindu: kwangu sheria ni kwamba kinacholiwa kibichi kinamwagiliwa chini kwenye udongo, hakimwagiwi juu ya majani, na kabla ya kukatwa kinaoshwa kwa maji yaliyotiwa klorini. Nikikosa maji hayo, jani linaingia kwenye sufuria inayochemka. Wateja wangu hawajawahi kupata jani bichi nisilolijua maji yake.

MamaKyeshero

Nimeridhika. Nitaanza na mnanaa, kwa changarawe.

Persili_Imenishinda

Mbona hakuna anayesema persili? Nimeweka majini wiki tatu, nimebadilisha maji, nimeomba. Imeoza. Seleri nayo imeoza. Dhania nayo.

MamaWaMajengo

Pole sana ndugu, na uache kujilaumu. Hizo tatu hazioteshwi kwa tawi.

Shika persili moja uitazame kwa karibu. Kile unachokiita shina ni mguu wa jani tu. Shina lenyewe ni kile kichwa kifupi kilicho usawa wa udongo, ambako miguu yote inakutana. Mguu wa jani hauna kifundo chenye chipukizi, hauna pa kuanzia. Ukiuweka majini unabaki mbichi siku kumi ukidhani unaishi, halafu unaoza.

Persili na dhania ni mbegu. Mbegu ya persili ina uvivu, loweka usiku kucha na uipe wiki tatu mpaka nne kabla hujakata tamaa. Ile punje ya duara ya dhania ndani yake kuna mbegu mbili. Iviringishe taratibu chini ya chupa ipasuke, ndipo upande.

Seleri ina njia. Sokoni chagua lile fungu ambalo mama muuzaji ameling'oa pamoja na kitako, wakati mwingine hata vimizizi vipo. Tumia majani, bakiza kitako na sentimita tatu hivi juu yake, kiweke kwenye kisahani chenye maji ya kugusa chini tu. Moyo wa katikati unaanza kutoa majani ya kijani hafifu ndani ya wiki. Hapo hapo kitie udongoni. Puaro ni rahisi zaidi: kata ukibakiza vidole viwili na ile mizizi ya ndevu, siku ya pili au ya tatu duara la ndani limeshapanda juu ya lile la nje, unaweza kulipima kwa ukucha. Lakini usiiache majini mwezi mzima, inakula akiba yake na kuwa nyembamba isiyo na ladha.

Mchaichai ni hivyo hivyo kwa kitako. Ukinunua bua, hakikisha ile sehemu ngumu ya chini kabisa haijakatwa, kwa sababu mizizi inatoka hapo peke yake.

Persili_Imenishinda

Kumbe! Wiki tatu zangu! Nitapanda mbegu kesho. Mungu akubariki.

LushiKamalondo

Salamu kutoka Lubumbashi. Huku kiangazi kinaanza mwezi wa tano, na Juni na Julai usiku unakuwa baridi ya kweli, mrihani unakuwa mweusi ncha usiku mmoja tu. Matawi niliyokata Juni hayakufanya chochote, yalikaa majini wiki nne kama maua ya kaburini. Ya Septemba, joto likirudi, yalishika siku nane. Kwa hiyo wa huku msishindane na baridi. Ikilazimu, weka glasi ndani ya jikoni mbali kidogo na mbabula (jiko la makala), isikae dirishani usiku.

Jingine la huku kwetu. Mitaa iliyokuwa inapokea moshi wa kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, udongo wake bado una shaba na madini mengine. Niliishi huko. Matawi yaliyoshika vizuri majini niliyatia kwenye udongo wa uani, baada ya mwezi nikayang'oa: mizizi mifupi, minene, ya kahawia, imekomea sentimita mbili kama imeungua. Sasa natumia udongo wa kichuguu ninaouleta kutoka nje ya mji, nachanganya na samadi iliyooza, kwenye ndobo zilizoinuliwa juu ya matofali. Majani tunayokula hayatakiwi kuota kwenye udongo ule.

MamaWaMajengo

Ndugu wa Lushi, hili la shaba watu wasome mara mbili. Aksanti.

DawaZaAsili

Dada usisahau mdalasini! Chovya tawi kwenye mdalasini au asali ndipo upande. Ndiyo homoni ya mizizi ya asili. Mimi natumia kila mara na yanashika.

AgronomuMstaafu

Naomba nichangie hapa, nimefanya kazi ya miche miaka mingi.

Homoni inayotoa mizizi inaitwa oksini, na tawi linaitengeneza lenyewe, kwenye ncha na majani machanga. Frits Went, Mholanzi, ndiye aliyeonyesha kwa majaribio ya machipukizi ya oti aliyoyachapisha mwaka 1928 kwamba kuna kitu kinachozalishwa nchani na kushuka chini. Kinashuka mpaka pale tulipokata, hakina tena pa kwenda, kinajikusanya, na chembe za hapo zinaanza kujenga mzizi. Ndiyo sababu mwenye uzi anasema tubakize majani ya juu. Ndiyo sababu pia wazee walitukataza kupanda mti wa muhogo kichwa chini: mmea unajua juu na chini yake hata ukiwa kipande.

Mdalasini hauna oksini. Unaweza kuzuia kuvu kidogo, na hilo si baya. Asali ni sukari. Unga wa kuotesha mizizi unaouzwa madukani una asidi ya indoli-butiriki, ambayo ni oksini ya kutengenezwa. Kwa mrihani, mnanaa na mchaichai hauuhitaji hata kidogo. Kwa romarini unaharakisha tu. Matawi yako yanashika kwa sababu ni mazima na umeyakata vizuri.

(Kwa wanaopenda majina: tangu 2017 wanabotania wameiingiza romarini katika jenasi ya Salvia, ile ya mmea wa seji. Tabia zao za kushika kwa tawi ni za ndugu kweli.)

DawaZaAsili

Sawa papa, nimekuelewa. Nitajaribu nusu na mdalasini nusu bila, nione.

AgronomuMstaafu

Hilo ndilo jambo bora kuliko maneno yangu. Weka kopo kwa kopo, tawi la mama mmoja, siku moja.

KijanaWaKatindo

Swali dogo. Nimeona mnanaa mwingi umeota wenyewe kwenye uzio njiani kwenda ziwani. Majani yana meno pembeni, yananuka. Nikate?

MamaWaMajengo

Kadogo usikate! Au ukikata usile. Jani lina ukwaruzo ukilipitisha kidole, na maua ni vishada vidogo vya njano na waridi pamoja? Kama ndivyo, hiyo ni lantana, na ina sumu, mbuzi na ng'ombe wanaugua wakiila. Mnanaa una shina la pembe nne na harufu inayopanda puani kama pipi. Lantana nayo shina lake linaweza kuwa na pembe nne, kwa hiyo usitegemee shina pekee. Mimi sikati tawi ambalo sijamwona mtu akilipikia.

KijanaWaKatindo

Nimerudi kutazama. Maua ya njano na waridi. Nimenawa mikono.

NyaweraDada

Wiki ya saba leo. Romarini kwenye vipande vya tofali: nilipanda nane, tatu zimekufa, tano zimekataa kuvutwa. Moja nimeimwaga nione. Mizizi ni myeupe, mikavu kwa kugusa, ina vumbi jekundu la tofali. Nimemwita mume wangu kutoka kitandani aje aone.

MamaWaMajengo

Dada, umenitoa machozi hapa mbele ya sufuria.

Sasa zihamishe, usizikawize. Kopo la kwanza dogo, udongo sehemu moja, vipande vya tofali sehemu moja. Usioshe vile vilivyong'ang'ania mizizi, viende navyo. Mwagilia mara moja vizuri kisha usubiri juu pakauke kabla ya kumwagilia tena, maana romarini iliyoshika inakufa kwa maji mengi zaidi kuliko kwa kiu. Baada ya wiki mbili anza kuipeleka juani, saa moja, kesho yake mbili.

Na mimi nina taarifa. Romarini ile ya saba, ya kopo la fundi, sasa imefika kiunoni kwangu. Ipo kwenye gunia lililojaa makoro nusu na udongo nusu, mlangoni pa malewa, na kila anayeingia anaipitishia mkono. Jana nimekata matawi ishirini. Mama yangu alikaa nami tukayaondoa majani ya chini, yeye kwa kucha, mimi kwa wembe. Changarawe aliichekecha yeye. Alishika konzi moja, akaiangalia muda, akauliza kama imetoka kwenye kiwanja chetu cha zamani. Nikamwambia ndiyo, nilienda kuichukua huko huko. Akaijaza kwenye makopo.

Matawi kumi na mawili nimeyatenga kwa watu wa uzi huu walio Goma. Yatakuwa tayari baada ya wiki sita hadi nane. Anayetaka aniandikie faragha, na aje na kopo lililotobolewa chini. MamaKyeshero, tawi lako nimeshaliwekea alama.

MamaKyeshero

Nitakuja na watoto. Mnanaa wangu umeshajaza kopo, nakuletea tawi.